Mtoto Wetu Yu Wapi?

Somo: Luka 2:41–52



Habari tuliyoiweka mbele yenu mwezi huu mwaijua tangu utoto. Yusufu na Mariamu walikuwa watu wamchao Mungu, nao kila mwaka walipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Mwaka ule mtoto alikuwa ametimiza miaka 12. Sikukuu ilipokwisha wakashika njia ya kurudi Nazareti, kumbe mtoto amebaki mjini, na wazazi hawana habari. Luka atueleza sababu kwa maneno machache: walimdhania yu pamoja na wenzao wa safari. Kwa dhana hiyo wakatembea siku nzima. Walipomtafuta kati ya ndugu na marafiki, hawakumwona.

Tuliangalie neno hili vema. Hawa hawakuwa wazazi wabaya. Walimpenda mtoto, walimleta mahali patakatifu, wala msafara wao haukuwa wa wezi, bali wa jamaa na majirani. Huenda Yusufu alimdhania yu pamoja na mama yake, na Mariamu alimdhania yu pamoja na wanaume, Luka hasemi. Lakini sisi tulio na watoto twajua jinsi mambo haya yanavyotukia. Mtoto aweza kupotea katikati ya watu wampendao, kwa kuwa kila mmoja amemwachia mwenziwe.

Tena, Bwana Yesu hakupotea kwa kosa. Alikuwa mahali palipompasa, katika nyumba ya Baba yake. Watoto wetu hawako hivyo. Wakikosekana katika msafara, si kila mara watakutwa hekaluni. Kwa hiyo twataka kunena leo juu ya msafara wetu hapa Mandewa, na juu ya watoto wetu waendao katika shule za Serikali.

*Jambo lililotupata*

Katika usharika wetu palikuwa na mtoto wa darasa la nne. Hatutalitaja jina lake wala jina la shule yake, maana aibu hii si yake peke yake. Baba yake huchoma matofali, mama yake huuza mboga sokoni, na wote wawili hutoka nyumbani alfajiri. Kila asubuhi mtoto alivaa sare, akachukua mkoba wake wa madaftari, akaondoka. Kila alasiri alirudi. Wazazi wakadhani yu shuleni. Mwalimu wake, mwenye watoto wengi kuliko madawati, aliona nafasi yake i tupu. Akadhani wazazi wake wamehama, kama watu wengi wanavyohamia na kuhama katika kata hii inayokua upesi. Nasi katika shule ya Jumapili hatukumwona. Tukadhani amekwenda kumwamkia bibi yake.

Yakapita majuma saba. Ndipo mama mmoja wa usharika alipomkuta penye nyumba inayojengwa, sare yake imefichwa mkobani, akiwachotea wajenzi maji kwa ujira mdogo wa kutwa.

Yusufu na Mariamu walimkosa mtoto wao kwa siku tatu. Sisi tulimkosa wetu kwa majuma saba, wala hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba amepotea.

Mama yule hakumkaripia. Alimketisha kivulini, akampa maji ya kunywa, akamwuliza kwa upole. Mtoto alilia kwanza, kisha akasema kwamba hajui kusoma. Wenziwe wote darasani walisoma, naye alipoambiwa asimame akaona haya. Akaona heri kubeba ndoo kuliko kusimama tena. Amefika darasa la nne, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu nyumbani wala kanisani aliyepata kumwambia, "Mwanangu, hebu nisomee."

Ndugu zetu, neno hili lilituchoma. Nyumba yenyewe haikukosa upendo, wala sare, wala daftari. Ilikosa mtu wa kuuliza.

*Dhana hii imetoka wapi?*

Wazee wetu wazikumbuka siku ambazo shule na kanisa vilikuwa chini ya paa moja. Katika nchi ya Iramba, jirani zetu, wamisionari wa Leipzig walitangulia kabla ya Vita Kuu ya kwanza, na katika miaka ya 1920 wakaja wa Augustana kutoka Marekani. Mara nyingi mwalimu aliyefundisha watoto herufi siku za juma ndiye aliyewahubiri wazazi siku ya Bwana. Wazazi walikata miti, wakaleta nyasi na maji, wakajenga kwa mikono yao. Paa likivuja, kila mtu alijua ni paa la nani.

Baadaye, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za misioni ziliwekwa katika mikono ya Serikali. Hatulitaji jambo hili kwa kunung'unika. Kwa njia hiyo mlango ulifunguliwa zaidi kwa watoto wa dini zote na makabila yote, na leo mtoto wa Mkristo na mtoto wa Mwislamu waketi dawati moja. Lakini yatupasa kukiri kosa letu: wengine wetu, walipoyatoa majengo, walimtoa na mtoto pamoja na majengo.

Kisha habari ya ada ikafuata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002, uliiondoa ada katika shule za msingi. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, uliotekelezwa tangu Januari 2016, ukaondoa ada na michango ya lazima tangu elimu ya awali mpaka kidato cha nne. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita ikaondolewa pia. Twamshukuru Mungu kwa ajili ya mambo haya. Watoto waliokuwa wakikaa nyumbani kwa umaskini waliingia darasani, na madarasa yakafurika.

Lakini sikio la mwanadamu husikia lipendalo. Ilitangazwa elimu bila ada, nasi tukasikia elimu bila mzazi. Sivyo ilivyonenwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimwekea mzazi wajibu wa kuona kwamba mtoto wake ahudhuria shule ya msingi mpaka aimalize. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ukaeleza tena sehemu ya mzazi: sare, madaftari na kalamu, chakula, matibabu, na kuyafuatilia maendeleo ya mtoto. Serikali imechukua mzigo wa ada. Mtoto hakuwa mzigo wa kuchukuliwa.

*Baba yetu Luther alisema nini?*

Wako wasemao kwamba shule za Serikali si kazi ya Kanisa, na kwamba Kanisa lishughulikie shule zake tu. Sisi Walutheri hatuwezi kusema hivyo pasipo kuisahau asili yetu. Hata neno shule lenyewe limeingia katika Kiswahili kutoka lugha ya Kijerumani, lugha ya Luther.

Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani, akiwasihi waanzishe shule na kuzitunza, za wavulana na za wasichana. Aliwaonyesha kwamba mji hutumia fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja. Basi, mbona usitumie kwa ajili ya watoto? Alijua ya kuwa wazazi wengi hawatoshi kwa kazi hiyo peke yao: wengine hawataki, wengine hawajui, wengine hawana nafasi. Kwa hiyo aliwaita watawala. Shule ya umma, ndugu zetu, si kitu kigeni kwetu. Luther mwenyewe aliiomba.

Lakini hakuwaacha wazazi waende zao. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliandika juu ya Amri, Imani na Sala ya Bwana kwamba hivi ndivyo mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Mwaka 1530 akaandika hotuba nzima kuwaonya wazazi wasiwaondoe watoto shuleni kwa tamaa ya faida ya upesi. Humo asema kwamba kama angelazimika kuiacha kazi ya kuhubiri, hakuna kazi ambayo angeichagua kuliko kuwa mwalimu wa watoto. Basi tazameni: mtawala ajenge, mwalimu afundishe, na mzazi alee. Wote watatu huitwa na Mungu mmoja, wala mmoja hatoshi mahali pa mwingine. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

*Mambo matatu waliyoyafanya Yusufu na Mariamu*

Turudi sasa katika somo letu, tuone jinsi dhana ilivyoponywa.

Kwanza, walirudi. Walikuwa wamekwisha kwenda mwendo wa siku nzima, wamechoka, na msafara ulikuwa ukiendelea mbele. Hawakusema, "Yerusalemu kuna walimu na makuhani, watamwangalia." Waliiacha safari yao wakaishika tena njia ile ile. Nasi tuna safari zetu. Kuna alizeti na vitunguu shambani, kuna mifugo, kuna soko, kuna pikipiki ya abiria ambayo ikisimama hailipi. Hatusemi kazi hizo ni mbaya. Ndizo zimlishazo mtoto. Lakini mzazi asiyeweza kuisimamisha kazi yake kwa asubuhi moja katika muhula mzima, amkose siku ile tu, huyo ameuthamini msafara kuliko mtoto.

Pili, waliingia wakamkuta kati ya walimu. Yusufu alikuwa seremala. Walioketi mle hekaluni walikuwa wataalamu wa Torati. Lakini hakusimama nje ya mlango akiona haya ya nguo zake na vumbi la njia. Ninyi akina baba msemao, "Mimi sikusoma, nitasema nini mbele ya walimu?", mwangalieni Yusufu. Hatuoni katika habari hii kwamba alisema hata neno moja. Alifika, na kufika kwake kulitosha. Mwalimu akimwona mzazi mara moja, atamjua mtoto yule kwa jina. Na mtoto akimwona baba yake amesimama na mwalimu wake, atajua kwamba mikono iliyomshika ni miwili.

Tatu, mama aliuliza. Alimwambia mtoto uchungu wake wazi, akataka kujua sababu. Jibu alilopewa hakulielewa, wala Yusufu hakulielewa. Ndivyo asemavyo Mwinjili. Hata hivyo Mariamu hakulidharau neno asilolielewa, bali alilihifadhi moyoni. Hili ni faraja kubwa kwa wazazi wasiojua kusoma. Mtoto wako atakuletea nyumbani mambo usiyoyaelewa, hesabu usizozijua, na lugha usiyoisema. Usimwambie, "Hayo yako." Mwambie, "Nisomee nisikie." Huhitaji kujua herufi ili kusikia kama mtoto asoma kwa ufasaha au akwama kwama. Huhitaji kujua hesabu ili kufungua daftari na kuona kama kuna kazi mpya juma hili, na kama kalamu nyekundu ya mwalimu imepita humo.

Na mwisho wa habari ni huu: mtoto alishuka pamoja nao mpaka Nazareti, akawatii, akakua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na watu. Aliyeketi kati ya walimu alikomaa nyumbani mwa seremala. Hekalu na nyumba havikushindana.

*Yatupasayo kutenda*

Ninyi wazazi, wekeni kila jioni muda mfupi wa mtoto kusoma kwa sauti, kabla ya sala ya nyumbani. Asome Injili, asome kitabu cha shule. Vyote viwili vyafaa. Wasichana wapunguzieni kazi saa hiyo, maana twaona mara nyingi mvulana aketi na daftari huku dada yake angali anatafuta maji na kuni.

Mwitwapo mkutanoni shuleni, nendeni. Kamati ya shule ya msingi na bodi ya shule ya sekondari zina nafasi za wazazi. Msiziachie wale wale siku zote, kisha mkalalamika. Mkoa wetu wa Singida ni mmoja wa mikoa tisa iliyochaguliwa katika mpango wa Shule Bora ulioanzishwa mwaka 2022 kwa msaada wa Uingereza, na umoja wa wazazi na walimu, ule watu wauitao UWAWA, umepata nguvu kwa njia ya mipango kama hiyo. Lakini mpango huja na mpango huondoka. Mtoto hubaki wetu.

Juu ya chakula, twawapa shauri moja. Tulipokubaliana mkutanoni kutoa nafaka kwa ajili ya uji na chakula cha mchana, tuitoe wakati wa mavuno, ghala ikiwa imejaa. Tukingoja mpaka Januari na Februari, miezi ya njaa, tutakuwa tumeahidi kitu tusicho nacho. Na mjane asiye na debe la mahindi asifichuliwe mbele ya watu, wala mtoto wake asinyimwe bakuli. Usharika ulio na sadaka ya wahitaji usiulize kama mtoto yule ni Mlutheri. Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaagiza watu wa Mungu kuutafuta ustawi wa mji wanaokaa, na kuuombea. Shule ya umma ni sehemu ya mji wetu.

Ninyi walimu mlio washirika wetu, twajua mzigo wenu, na wengi wenu mwaubeba kwa uaminifu. Lakini vumilieni neno letu. Mzazi akiitwa shuleni kwa mambo mawili tu, yaani michango na makosa ya mtoto, ataiogopa shule kama aogopavyo baraza la hukumu. Mwiteni mara nyingine kumwambia kwamba mtoto wake ametenda vema. Ajapo kutoka shambani na matope miguuni, mpeni kiti, msimkemee mbele ya mwanawe. Na mtoto akikosekana siku tatu mfululizo, msidhani. Ulizeni.

Ninyi wainjilisti na wazee, daftari la mahudhurio la shule ya Jumapili lisiwe pambo la mezani. Mtoto asipoonekana Jumapili mbili, mmoja wenu afike kwao. Mkutano wa wazazi shuleni utangazwe kanisani kama itangazwavyo ndoa, tena vikao vyetu visiwekwe saa ile ile. Kosa la majuma saba lilikuwa letu pia, na twaliungama mbele zenu.

Pengine mtauliza habari za mtoto yule. Baba yake aliiacha tanuru yake siku moja, akaenda shuleni kwa mara ya kwanza tangu siku ya kumwandikisha. Alikaa na mwalimu chini ya mti muda usio mrefu. Mwalimu akakubali kumfundisha mtoto kusoma pamoja na wadogo, pasipo kumwaibisha, na baba akaahidi kumsikiliza kila jioni. Mtoto amerudi. Hatuwezi kusema kwamba sasa asoma kama wenziwe. Bado akwama, na baba yake, asiyejua herufi, humngoja kimya mpaka alimalize neno. Tulipita kwao jioni moja tukawakuta hivyo, taa i katikati yao. Tukasimama nje kidogo tusije tukawakatiza.

Usiku huu, kabla hamjalala, ulizaneni nyumbani: mtoto wetu yu wapi? Msiulize kitanda chake tu. Ulizeni amejifunza nini leo, nani aliketi karibu naye, na ni neno gani lililomshinda.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyekuwa mtoto ukaketi miguuni pa walimu na kuwatii wazazi wako, uwakumbuke watoto wa Mandewa na wa nchi yetu yote. Wape walimu wao subira. Wape watawala moyo wa kuwatunza. Nasi wazazi utusamehe dhana zetu, uturudishe njiani tukawatafute wale tuliowaacha nyuma, hata tuwapate na kuwaleta nyumbani kwa furaha. Amin.